Altrasaundi mbili za mzee wangu zinapingana, figo imejaa maji au haijajaa? Tuuze ng'ombe twende Dar?

kijana_wa_Isevya

Wakuu mwangaluka, na mtakaosoma mchana mwadila. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeshindwa kuelewana, kila ndugu ana hospitali yake mdomoni.

Mzee wangu ana miaka 63, mkulima wa mpunga huko Igunga, maisha yake yote ni majaruba. Mwezi uliopita kaja hapa Tabora mjini analalamika kiuno upande wa kushoto na jioni miguu inavimba, tukampeleka zahanati moja ya mtu binafsi wakampima presha ikasoma 164 kwa 98, wakasema tupige na altrasaundi tuone figo. Majibu yakatoka hivi: figo ya kulia ndogo, sm 7.9, inang'aa kuliko ini, gamba lake jembamba. Ya kushoto sm 12.1 na imejaa maji kidogo, wameandika haidronefrosisi. Usiku ule sikupata usingizi kabisa.

Wiki iliyofuata tukampeleka hospitali kubwa zaidi, wakapiga altrasaundi yao. Kulia ni ileile ndogo, sm 8.2. Lakini kushoto wameandika haina maji, hakuna kilichoziba. Damu wakapima kreatinini, ule uchafu ambao figo inatakiwa kuutoa, ikaja 168.

Sasa ndo vurugu ikaanza. Daktari mmoja kasema akapigwe CT ya kontrasti, yaani ile ya kuchomwa dawa kwanza, mwingine kataja kitu kinaitwa renogramu, kasema hiyo mpaka Dar, pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi ya usafi hospitali kasema ile dawa ya CT inamalizia figo na mionzi ya Dar ndo usiseme. Mzee mwenyewe kasema tuuze ng'ombe wawili twende tukamalize ubishi.

Naomba kujua: picha ipi ya kweli? Hiyo renogramu inapima nini ambacho altrasaundi haijaona? Na kwanini isiwepo mashine moja ikajibu yote?

jembe_la_Urambo

Mkuu achana na vialtrasaundi vya mtaani, piga MRI mara moja. Ile inaona kila kitu, hamna ubishi tena.

tiba_ya_porini

Figo zinasafishwa kwa mizizi siku 7 tu maji yote yanatoka. Njoo pembeni nikupe namba.

nesi_wa_Nzega

tiba_ya_porini hebu kaa kimya kaka, figo ya mtu imebaki moja na nusu unataka kumnywesha mizizi isiyojulikana kipimo. Nimewasafishia damu watu waliotoka huko kwenu, naomba tuheshimiane.

Kijana pole sana, mpe mzee shikamoo yangu. Kabla hujauza hata kuku nijibu haya: siku ya altrasaundi ya kwanza mzee alikuwa na mkojo au alishatoka chooni? Na ya pili je? Hicho kiuno anakinywea dawa gani? Ujanani aliwahi kukojoa damu? Na kuna mtu yeyote kapima mkojo wake, au wote wameishia kwenye picha?

kijana_wa_Isevya

Dada umenishtua, hayo hakuna aliyeniuliza.

Siku ya kwanza walimnywesha maji lita nzima wakamwambia asikojoe mpaka aitwe, foleni ikawa ndefu mzee akawa anacheza cheza miguu pale benchi kama mtoto. Ya pili alitoroka chooni kabla ya kuitwa, wakamgombeza ila wakampiga hivyohivyo.

Dawa ni diklofenaki, ananunua duka la dawa pale gulioni, anasema bila vile vidonge jembe haliinuki. Miaka mingi, nadhani toka mimi nasoma sekondari.

Kukojoa damu nimemuuliza sasa hivi kacheka. Anasema vijana wote wa pale walikojoa damu, waliambiwa ndo dalili ya kuwa mwanaume. Mkojo haujapimwa.

mzee_wa_chumba_cha_giza

Mwadila kijana. Mimi nimestaafu kazi ya eksirei, nimeanza enzi filamu zinaoshwa kwenye beseni la dawa gizani nimemalizia kwenye hizi kompyuta, kwa hiyo utanivumilia maneno yakiwa mengi.

Picha zako zote mbili ni za kweli, wala hazigombani. Mkojo unatoka kwenye figo, unashuka kwenye mrija, unaingia kibofuni. Kibofu kikijaa mpaka mtu anacheza miguu benchi, mkojo wa juu unakosa pa kwenda, unasubiri foleni hukohuko, na ile sehemu ya katikati ya figo inatanuka kidogo. Kwenye altrasaundi maji yanaonekana meusi. Sonografa anaona weusi katikati ya figo anaandika imejaa maji, na hajadanganya, ndo alichokiona. Mtu huyohuyo akienda kukojoa akarudi baada ya robo saa mara nyingi weusi umeshaondoka. Sisi tulifundishwa ukiona maji na kibofu kimejaa, mtume mgonjwa chooni kwanza halafu mpige tena ndo uandike. Foleni ikiwa ndefu watu wanaruka hiyo hatua, nami nilishairuka, nisijifanye malaika.

Kwa hiyo hoja ya maji weka pembeni kwanza. Ambacho picha zote mbili zimekubaliana ndo cha kushika, yaani hiyo ya kulia. Figo ya mtu mzima kwa kawaida ni sm 9 mpaka 12, na kushoto huwa ndefu kidogo kuliko kulia. Hiyo 7.9 na 8.2 usizihesabu kuwa tofauti, ni mkono wa mpimaji tu, mmoja kainamisha kidude huku mwingine kule. Ni ndogo, basi. Na kung'aa maana yake gamba limejaa makovu. Tunalilinganisha na ini kwa sababu viko jirani kwenye picha moja, gamba la figo nzima linatakiwa kuwa sawa na ini au jeusi kidogo. Figo ikiwa ndogo, gamba jembamba, inang'aa, hiyo haijaugua jana wala mwezi uliopita, hiyo ni habari ya miaka. Na kushoto kuwa 12.1 huenda ni kwa sababu imebeba kazi ya mwenzake, ikanenepa. Kama ng'ombe wa jembe mwenzie amekufa.

Sasa swali lako la msingi, altrasaundi haijaona nini. Altrasaundi inaona umbo. Ni kama wewe usimame barabarani uangalie kinu cha kuchambua pamba: unaona paa, unaona ukubwa wa jengo, unaona kama malori yamekwama getini, lakini huwezi kujua leo kimetoa marobota mangapi. Kila figo ina vichujio kama milioni moja na hakuna altrasaundi inayoona hata kimoja. Nilishapiga figo nzuri za kuchora kitabuni, kumbe mwenyewe yuko mlangoni mwa kusafishwa damu. Na kisukari ni mwongo zaidi, mtu figo imeharibika lakini kwa ukubwa iko palepale au imezidi.

Enzi zetu kazi ya figo tuliitazama kwa IVU. Mgonjwa anakunywa mafuta ya nyonyo usiku ili tumbo lisafike, asubuhi tunamchoma dawa yenye ayodini kwenye mshipa, tunafunga mkanda tumboni, tunapiga eksirei dakika ya 5, ya 15 na kuendelea. Figo nzima inang'aa mapema, inayoumwa inachelewa, iliyokufa haiji kabisa mnabaki mnatazamana. Dawa ya kwanza iliyofaa kwa kazi hiyo ilitoka Berlin mwaka 1929, kijana wa Kimarekani Moses Swick alikuwa pale anasoma. Ilikuwa kitu kizuri sana ila ilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha: anayehitaji zaidi kujua kazi ya figo ndo ambaye picha yake haitoki, kwa sababu figo dhaifu haiwezi kuikusanya ile dawa.

Hapo ndo renogramu inapoingia, ila ngoja mwenye uzoefu nayo aseme, mimi sijaifanya.

Jambo la mwisho na ndo kubwa. Majaruba ya Igunga na kukojoa damu ujanani ni kichocho cha mkojo. Wale minyoo mayai yao yananasa kwenye ukuta wa kibofu na mwisho wa mirija, panaweka makovu, mrija unabana, mkojo unarudi juu, na figo inakauka taratibu bila kelele. Nina imani kubwa figo ya kulia imekwenda kwa njia hiyo ingawa siwezi kuapa kwa kusoma maneno yako tu. Nilishapiga eksirei ya kawaida ya nyonga ya mzee mmoja nikaona kibofu kimezungukwa na mstari mweupe wa chokaa kama kichwa cha mtoto tumboni kwa mama yake. Omba altrasaundi ya tatu, safari hii watazame kibofu chenyewe kikiwa kimejaa, wapime unene wa ukuta wake, halafu akakojoe, wapige figo tena. Siku moja, kitanda kimoja, mpimaji mmoja.

mama_michembe

Shikamoo mzee. Na mimi mama yangu aliambiwa ana maji kwenye figo, yuko Sikonge, ana miaka 70. Kwa hiyo na yeye akakojoe tu yataisha?

mzee_wa_chumba_cha_giza

Marahaba mwanangu. Hapana, angalia karatasi imeandikaje. Kuna figo kujaa maji, yaani njia ya mkojo imetanuka, na kuna kifuko cha maji, sisti, kimekaa pembeni peke yake kama lengelenge. Kwa Kiswahili wote tunasema maji kwenye figo ndo tunachanganyana. Sisti ya kawaida, duara, ukuta mwembamba, ndani meusi tupu, kwa mtu wa miaka 70 ni kama mvi, mara nyingi haifanyiwi kitu. Kama ziko nyingi figo zote mbili na kwenye ukoo kuna watu wa figo hapo ni habari nyingine, muulizeni daktari. Na kama ndani ya kifuko kuna kuta au kinyama msikae nyumbani.

mama_michembe

Imeandikwa sisti sm 2 moja tu kulia. Asante mzee nimepumua.

mgebuka_wa_Ujiji

Mwakeye wana Tabora. Huku Kigoma kichocho tunacho ila chetu cha ziwani ni cha tumbo, kinakimbilia utumbo na ini, hicho cha mkojo mnacho nyie wa mabwawa na majaruba. Haya turudi kwenye mada.

Renogramu nimelalia mimi mwenyewe kwa hiyo nisikilize. Dada yangu figo zilikufa zote, mimi nikajitolea kumpa moja. Siku hizi kupandikiza kunafanyika nchini, Muhimbili walianza 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, sio lazima India kama zamani. Kabla hawajakugusa wanakukagua kama ng'ombe wa mnada. Altrasaundi, CT ya mishipa wajue kila figo inaingiwa na mishipa mingapi ya damu (wapo watu wengi tu wana miwili upande mmoja, daktari wa kukata hapendi kukutana nayo kwa bahati mbaya), halafu ndo renogramu.

Unakunywa maji, unalala chali, kamera kubwa iko mgongoni kwako, haikugusi. Wanakuchoma sindano mkononi, dawa ina teknetiamu kidogo, yaani kitu chenye mionzi, imefungwa kwenye kitu wanakiita DTPA, na hiyo DTPA figo inaichuja kama inavyochuja uchafu. Kuanzia pale unalala bila kutikisika kama nusu saa na kamera inahesabu mionzi inayotoka ndani yako, dakika kwa dakika, kulia peke yake na kushoto peke yake. Mwisho wanachora mistari miwili. Unapanda wakati figo inavuta dawa, unafika kilele, unashuka wakati mkojo unatoka. Mimi ilikuja kushoto 52 kulia 48, wakasema vizuri, mtu anabaki na iliyo bora dada anapewa nyingine. Hicho ndo kitu ambacho kreatinini haiwezi kukuambia hata siku moja, kreatinini ni mshahara wa familia nzima, renogramu inakuambia nani analeta ngapi.

Kwa mwenye shaka ya kuziba kama mzee wako wanaongeza sindano ya furosemaidi katikati, ile dawa ya kukojoza. Kama figo imetanuka tu lakini njia iko wazi, mstari unaporomoka. Kama pameziba kweli mstari unabaki juu umeng'ang'ana. Kuna na aina nyingine ya dawa, DMSA, hiyo inakwama kwenye gamba lenyewe, wanapiga picha baada ya saa 2 au zaidi wanaona makovu yako wapi, inatumika sana kwa watoto wanaougua maambukizi ya mkojo mara kwa mara.

Kuhusu mionzi shemeji yako apumzike. Nguvu ya teknetiamu inapungua nusu kila saa 6, kesho yake umebaki na mabaki tu na mengi umeshayakojoa. Mionzi ya renogramu kwa kawaida ni midogo kuliko ya CT ya tumbo. Waliniambia ninywe maji mengi na siku ile nisibebe watoto wachanga wala kukaa karibu na mjamzito, basi.

Ila usikurupuke na basi. Teknetiamu haikai stoo kama panadoli. Inatoka kwenye kichungu cha molibdenamu kinachoagizwa kutoka nje kwa ndege, na kila siku wanaikamua kutoka humo, wenyewe wanasema kukamua hivyohivyo kama ng'ombe, na kila siku zinavyokwenda maziwa yanapungua. Kwa hiyo wagonjwa wanapangwa kwa siku. Piga simu kwanza upangiwe ndo uangalie ratiba ya treni.

jembe_la_Urambo

Mbona MRI hamuigusi? Nimesoma MRI inaona mpaka hewa ndani ya figo.

mzee_wa_chumba_cha_giza

Kweli kijana, hujakosea moja kwa moja. Kuna MRI inayoonyesha gamba limekosa oksijeni kiasi gani, na nyingine inafuata damu yenyewe bila kuchoma dawa yoyote. Ila hizo mpaka sasa ni za watafiti zaidi, daktari wa wodini hatumii kuamua chochote kwa mzee wa Igunga. Pale MRI inapofanya kazi halisi ni kwenye figo zenye visisti vingi vya kurithi, wanapima ujazo wa figo nzima wanajua ugonjwa unakimbia kasi gani, au kwenye uvimbe ambao CT imeshindwa kuuelewa.

Na MRI ina dawa yake, gadolini. Mwaka 2006 ndo ilibainika inaweza kukakamaza ngozi na viungo vya watu ambao figo zao zimekufa, ugonjwa mbaya kweli usio na tiba ya maana. Dawa za siku hizi zimebadilishwa hatari imeshuka sana, lakini bado lazima uulize kreatinini kwanza. Hakuna mashine isiyo na swali la kwanza.

Na ya CT nijibu hapohapo maana kijana aliuliza. CT ya kutafuta mawe haihitaji dawa kabisa, karibu mawe yote yanaonekana, hata yale ya asidi ya yuriki ambayo eksirei ya kawaida haiyaoni. Dawa ya kontrasti inahitajika ukitafuta uvimbe, mishipa, au njia ya mkojo imebana wapi. Zamani tuliiogopa kama simba, siku hizi wamegundua tuliisingizia mengi, hofu kubwa imebaki kwa wale ambao uchujaji wa figo zao, unaokadiriwa kutoka kwenye kreatinini, uko chini ya mililita 30 kwa dakika. Hapo wanaangalia faida na hasara, wanamwekea dripu kabla, na kama anatumia metifomini ya sukari inasimamishwa.

nesi_wa_Nzega

Mzee umesema vizuri ila kuna kitu mmekipita wote na ndo kinanikaa rohoni.

Fikirieni hivi. mgebuka baada ya kutoa figo amebaki na moja, na watu wa aina yake kreatinini zao zinapanda kidogo tu, wanaishi vizuri. Sasa mzee wa Igunga figo ya kulia imekauka polepole miaka mingi, ya kushoto imenenepa kuziba pengo. Kama kushoto ingekuwa nzima kweli, kreatinini isingefika 168. Kwa mwanaume wa miaka 63 ukiiweka kwenye kanuni ya 2021 ya kukadiria uchujaji inakuja kama 39, hiyo ni hatua ya tatu nusu ya pili kati ya hatua tano za ugonjwa wa figo. Maana yake hiyo figo ambayo hospitali ya pili wameiandika safi, na yenyewe inaumwa. Picha yake ni nzuri, kazi yake siyo nzuri. Na sababu mbili umeziandika mwenyewe kijana bila kujua: presha ambayo hakuna anayejua imeanza lini, na diklofenaki ya gulioni.

Nyie mnagombania figo ya kulia ambayo imeshakwenda, wakati ya kuokoa ni ya kushoto.

Kwa hiyo kwa maoni yangu leo hii hii zima diklofenaki, kiuno apewe parasetamo mpaka aonwe. Mkojo upimwe, protini na mayai ya kichocho, mkojo wa mchana kati ya saa 4 na saa 8 ndo mayai yanatoka mengi, aje amechuchumaa au ametembea kidogo kabla. Presha aanzishiwe dawa na daktari. Kreatinini irudiwe, maana kusema figo sugu inatakiwa tatizo lizidi miezi 3, namba moja haitoshi. Halafu altrasaundi ya mzee hapo juu. Baada ya hapo ndo mumuulize daktari swali hili hasa: renogramu ikija na asilimia yoyote ile kulia, utafanya nini tofauti? Kama jibu ni tutaitoa hiyo figo, au tutafungua mrija wa kushoto, nendeni Dar kesho. Kama jibu ni hakuna, ng'ombe wabaki zizini.

mgebuka_wa_Ujiji

Hapo dada umenifunga mdomo. Hata mimi waliniambia figo ikileta chini ya asilimia 10 wengi wanaihesabu haifanyi kazi, sasa hiyo ya sm 8 inayong'aa mnataka kuthibitisha nini.

jembe_la_Urambo

Sawa nimeelewa. Ila bado nasema vialtrasaundi vya mtaani vina shida.

kijana_wa_Isevya

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita wiki 3.

Tulifanya kama alivyosema mzee. Nilimuomba sonografa kwa upole tu, nikamwambia picha mbili zimepingana, wala hakukasirika, akasema ndo vizuri mtu akija na historia. Kibofu kimejaa: ukuta wake mnene, una kama vinundu upande wa kulia karibu na mrija unapoingilia. Kushoto akaona maji kidogo tena. Akamtuma chooni, tukasubiri dakika 20, kumpiga tena maji ya kushoto hakuna. Sonografa akaniita nione mwenyewe kwenye kioo, kweli ule weusi umepotea. Kulia ni ileile, sm 8.

Mkojo una mayai ya kichocho, wamemkuta nayo mpaka leo na umri huu, amepewa prazikwanteli kwa uzito. Daktari kaeleza inaua minyoo lakini makovu ya zamani haiyafuti. Protini ipo alama mbili. Kreatinini ya pili 159. Presha kaanzishiwa vidonge, juzi ilisoma 138 kwa 86. Diklofenaki niliitupa mwenyewe chooni mzee akanuna siku mbili, sasa anapakwa mafuta kiunoni na mama.

Lile swali la dada nililiuliza vilevile nilivyoliandika kwenye simu. Daktari akanyamaza kidogo, akasema kwa sasa renogramu haitabadilisha kitu, kushoto haijaziba na kulia haimsumbui kwa hiyo hakuna wa kuikata. Akaniandikia kreatinini tena baada ya miezi 3. Ila vile vinundu vya kibofu kasema hataki kuviacha, kichocho kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu, kwa hiyo anataka aingizwe kamera kibofuni waone na wachukue kinyama. Tumepangiwa mwezi ujao.

Kwa hiyo ng'ombe mmoja bado yuko kwenye hesabu, mwingine amesalimika. Mzee nimemuonyesha haya maandishi yenu kacheka sana hapo kwenye ng'ombe wa jembe, kasema mzee wa chumba cha giza akipita Igunga kuna debe la mchele linamsubiri. Dada nesi yeye kamtengea kuku.

Swali lililobaki: kwenye hiyo kamera ya kibofu wanampiga ganzi au anachomwa usingizi? Mzee haogopi kisu ila hiyo anaiogopa, na anauliza kama atakojoa mwenyewe siku hiyohiyo.

nesi_wa_Nzega

Mara nyingi ni ganzi ya jeli kwenye njia ya mkojo, ila kwenye kuchukua kinyama wengi wanachoma ganzi ya mgongoni. Atakojoa mwenyewe, itawasha siku moja mbili na mkojo unaweza kuwa na rangi ya damu kidogo, anywe maji. Ukiwa na mabonge ya damu au akashindwa kukojoa mrudishe usiku huohuo usisubiri asubuhi. Na mwambie daktari kama anatumia dawa yoyote ya kulainisha damu. Kuku awe wa kienyeji.